Kudai hakimiliki ni bure, kujitetea ni gharama: madai ya uongo yanavyowanyamazisha wabunifu

Fundi_Video:

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie, maana jambo lenyewe linawagusa wengi humu: waimbaji, waandishi, wapiga video, hata wale wanaotoa maoni yao tu mtandaoni.

Niseme mapema tusije tukagombana bure. Mimi naamini katika hakimiliki. Mtu akikesha studio akatoa wimbo, ale jasho lake. Ninayemlalamikia ni yule anayedai kisicho chake, au anayedai zaidi ya alichonacho, pamoja na mfumo unaomwamini huyo kabla mwenye kazi hajaulizwa neno.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya za makanisani na kuhariri video zao. Kuna kwaya moja niliirekodi ikiimba "Yesu kwetu ni rafiki", sauti nne na kinanda kimoja, basi. Waliokulia kwenye Tenzi za Rohoni wanaujua. Melodi yake ilitungwa na Mmarekani Charles Converse mwaka 1868, na maneno ya Kiingereza ni ya Joseph Scriven aliyefariki 1886. Haki za hao wawili zilishakwisha kabla babu zetu wengi hawajaenda jando. Video ikapanda. Waimbaji hawajamaliza hata kurushiana linki kwenye grupu, ikaingia taarifa kwamba kuna kampuni ya nje inadai melodi. Haikudai tafsiri ya Kiswahili, ambayo ningeelewa kama ingekuwa na mwenyewe. Haikudai rekodi. Ilidai melodi ya 1868, na kuanzia hapo mapato ya matangazo yakawa yanaelekea kwake.

Nikawaambia viongozi wa kwaya tupinge. Ile fomu ya kupinga ina onyo kwamba ukipinga kwa udanganyifu unaweza kuchukuliwa hatua, na pingamizi likifika mbali video inaweza kuondolewa na chaneli ikapigwa straiki, yaani alama ya adhabu. Mwenyekiti, mzee wa watu, akavaa miwani akalisoma polepole, kisha akaniuliza kama kanisa linaweza kushtakiwa Marekani. Nikamweleza kwamba tunasema kweli na hatuna cha kuogopa. Akanijibu, "Tuachie tu, mwanangu. Tusije tukaliingiza kanisa kwenye kesi."

Tukaacha. Na hapa ndipo ninapotaka mtazame vizuri, kwa sababu hasara haikuwa zile senti za matangazo. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshapanga tenzi nyingine za zamani kwa mapigo ya ngoma za kwao, kwa sauti ambazo sijawahi kuzisikia kokote. Hazijarekodiwa mpaka leo. Viongozi wamesema hawataki tena nyimbo za kuwaletea mizozo.

Sasa tuelewane mashine inavyofanya kazi. YouTube wana mfumo unaoitwa Content ID, ulioanza 2007. Kampuni kubwa na wasambazaji wa muziki (wale wanaopeleka nyimbo za wasanii kwenye majukwaa) wanaweka humo nakala za kazi zao, na kila video inayopanda inalinganishwa nazo. Zikifanana, aliyeweka nakala anachagua: aizuie video, achukue mapato yake, au atazame takwimu tu. Ukipinga, anayelipokea pingamizi lako ni huyohuyo aliyekudai, na ana siku 30 za kujibu. Mdai ndiye hakimu. Kwaya ya mtaani haina mlango wa kuingia moja kwa moja kwenye huo mfumo kuweka nakala zake. Mlango ni wa wakubwa na wasambazaji.

Ripoti ya YouTube wenyewe ya miezi sita ya kwanza ya 2021 ilionyesha madai zaidi ya milioni 722 kupitia Content ID. Yaliyopingwa yalikuwa milioni 2.2 tu. Na katika hayo yaliyopingwa, asilimia 60 aliyepandisha video ndiye aliyeshinda. Kampuni inaisoma takwimu hiyo kwamba karibu madai yote ni sahihi, ndiyo maana watu hawapingi. Mimi namfikiria yule mwenyekiti na miwani yake. Yeye angehesabiwa miongoni mwa walioridhika.

Msidhani ni sisi tu wa huku. Septemba 2018 mpiga piano Mwingereza James Rhodes alijirekodi nyumbani akipiga Bach, akaweka Facebook. Sekunde 47 zikazimwa sauti kwa dai la Sony Music. Bach alifariki 1750. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Mwaustralia Sebastian Tomczak alipata madai matano juu ya video ya saa 10 yenye mlio mtupu wa "shhhh", kama redio iliyopoteza stesheni. Watu walidai umiliki wa mlio huo.

Na wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule wa Kiingereza tunaowaimbia watoto, melodi yake ilichapishwa 1893 na akina dada wawili, Patty na Mildred Hill. Kampuni ya Warner/Chappell iliendelea kuutoza, na inakadiriwa ilikuwa ikipata kama dola milioni mbili kwa mwaka. Watengenezaji wa filamu wakawa wanaukwepa kabisa. Jennifer Nelson, aliyekuwa akitengeneza filamu kuhusu wimbo huohuo, alitozwa dola 1,500, akalipa, kisha akaenda mahakamani 2013. Mwaka 2015 jaji akaamua kwamba kampuni haikuwa na haki halali juu ya maneno ya wimbo, na 2016 ikakubali kulipa dola milioni 14. Kwa miongo yote hiyo wengi hawakuuliza hati, kwa sababu kulipa kulikuwa rahisi kuliko kuuliza.

La mwisho ni la kwetu, na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Desemba 2021 Twitter walitangaza kwamba wamefuta mtandao wa akaunti 268 uliokuwa Tanzania, uliotumika kupeleka madai ya hakimiliki ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa kundi la haki za binadamu la FichuaTanzania na mwanzilishi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mbinu ilivyokuwa: wanachukua maneno ya mwanaharakati, wanayabandika kwenye blogu ya WordPress, wanairudisha tarehe nyuma ili blogu ionekane ndiyo ya kwanza, halafu wanalalamika Twitter kwamba mwanaharakati ameiba maandishi yao. Mtu anashtakiwa kwa kujinakili mwenyewe. Hakimiliki iliwekwa imlinde mwandishi, na hapo ilitumika kumfunga mdomo mwandishi.

Kwangu mimi ugonjwa ni mmoja kote huko. Kudai ni bure na hakumgharimu mdai kitu hata akikosea, wakati kujitetea kunakula muda, pesa na usingizi wa mtu. Leteni yenu wakuu.

BitiZaUswahilini:

Mkuu umegusa kidonda. Mimi ni prodyuza, nauza biti mtandaoni. Biti moja nauza kwa lisensi ya kawaida kwa wasanii wengi, na anayetaka iwe yake peke yake analipa bei nyingine. Msanii mmoja alinunua ile ya kawaida, akaimba vizuri tu, akapeleka kwa msambazaji. Kwenye fomu ya msambazaji kuna kisanduku cha Content ID, yeye akatia tiki. Basi. Kuanzia siku ile mashine ikaamini biti ni yake. Wasanii wenzake wote walionunua biti ileile wakaanza kupigwa kopiraiti na kunipigia simu mimi, kwamba nimewauzia mali ya wizi.

Na mimi mwenyewe nina video nafundisha vijana jinsi nilivyoitengeneza biti hiyo, unaona kabisa kwenye skrini napanga kick, napanga snare. Nayo ikapigwa. Nimedaiwa na mteja wangu kwa mkono wangu mwenyewe! Nilipompigia alisema hakujua kile kisanduku kina maana gani, aliona kimeandikwa kitu cha kulinda wimbo. Alikitoa siku hiyohiyo, nampongeza, lakini madai yalichukua muda kuisha na wateja wawili hawajarudi tena.

Wasambazaji wengi wameandika kwenye masharti yao kwamba wimbo wenye biti ya lisensi ya kawaida haufai kuingia Content ID. Imeandikwa ndani huko kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza cha mawakili. Nani anasoma?

Fundi_Video:

Pole sana mkuu. Huyo wako hakuwa na nia mbaya. Wapo wenye nia. Kule Phoenix, Arizona, watu wawili walianzisha kampuni wakaiita MediaMuv, wakadai YouTube kwamba wanamiliki nyimbo zaidi ya 50,000, nyingi za wasanii wa Kilatini ambao hawakuwa hata na habari. Walikusanya zaidi ya dola milioni 23 tangu 2017 mpaka walipofunguliwa mashtaka 2021. Wakakiri makosa, wakafungwa. Miaka yote hiyo mfumo ule unaomshuku mwalimu wa kwaya uliwaamini wao, kwa sababu walijaza fomu inavyotakiwa.

Binti_wa_Ngambo:

Kaka Fundi, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini niruhusu nipinge kidogo. Mama yangu aliimba taarab Unguja. Sauti yake imo kwenye kanda nyingi, na baadaye nikaja kuisikia kwenye singeli, imekatwa, imekimbizwa mbio, inazungushwa palepale dakika tano. Vijana wanacheza, ma-DJ wanalipwa ukumbini, bi mkubwa yuko nyumbani na presha yake na hakuna aliyemletea hata kilo ya sukari. Nyie mnalia kwamba mnadaiwa mno. Sisi tunalia kwamba hatujawahi kudai wala kupewa. Mkizidi kuwafundisha watu kwamba madai ni mabaya, atakayeumia ni mama yangu.

Fundi_Video:

Dada yangu, salamu zangu kwa mama, na hoja yako ni nzito. Sitaki niipite juu juu.

Singeli ilizaliwa kweli kwa namna hiyo. Vijana wa uswahilini Dar walichukua vipande vya taarab, wakavizungusha, wakaongeza kasi, ukatoka muziki ambao leo unapigwa mpaka Ulaya. Ungewadai vijana wale ruhusa ya maandishi kwa kila kipande, pasingekuwa na singeli. Marekani walilijaribu hilo. Desemba 1991 jaji Kevin Duffy alimhukumu mwanarap Biz Markie kwa sampo moja, yaani kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mwingine, akaianza hukumu yake kwa amri ya Biblia ya usiibe, na akapendekeza waendesha mashtaka waitazame kama jinai. Baada ya hapo ule mtindo wa kupanga vipande kumi na kumi ndani ya wimbo mmoja ukafa taratibu, ukabaki wa wenye bajeti. Kundi la rap la De La Soul, waliotoa albamu yao ya kwanza 1989, kazi zao za mwanzo hazikuingia kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mpaka Machi 2023, sababu kubwa ikiwa ni sampo na mikataba iliyoandikwa kabla ya intaneti. Kizazi kizima kimekua bila kuwasikia.

Lakini je, ukali wote huo umewalisha wazee? Chukua Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" Johannesburg 1939. Aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia ukiitwa jina jingine, yeye akafa maskini 1962, na wanawe walipata makubaliano ya malipo 2006. Mashine ya leo isingemsaidia Linda, kwa sababu kwenye karatasi mwenye wimbo alikuwa kampuni. Mashine inamtambua aliyewahi kuweka faili na karatasi. Na mama yako, dada, ndiye hasa anayeweza kuporwa na mfumo huu: mtu akichukua kanda yake leo, akaisafisha kidogo na kuipeleka kwa msambazaji, kesho wewe ukiweka sauti ya mama yako utaambiwa umeiba.

Mimi ninachotaka kwa singeli ni kulipa bila kuzuia. Kijana akate, azungushe, atengeneze, na ikiingiza pesa, fungu limfikie bi mkubwa. Chama cha kukusanya mirabaha kikifanya kazi yake, hilo linawezekana. Kufuta video hakumletei mama sukari.

Mwanafunzi_Sheria:

Niongeze la kisheria kwa ufupi. Sheria yetu ya Tanzania Bara ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ina matumizi ya bure: kunukuu kwa kiasi, kufundishia, kuripoti habari. Tatizo ni kwamba YouTube, Facebook na X (iliyokuwa Twitter) wanafuata sheria ya Marekani ya 1998, ile DMCA. Mtu akileta malalamiko rasmi ya kuondoa kazi yako, ili irudi lazima utoe taarifa ya kupinga yenye jina lako halisi, anwani na namba ya simu, na ukubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Na taarifa hiyo anapelekewa aliyekulalamikia.

Rudini sasa kwenye ile habari ya Twitter. Mwanaharakati anaandika bila kutaja jina kwa ajili ya usalama wake. Anadaiwa hakimiliki ya uongo. Akinyamaza, akaunti inaweza kufungwa. Akijibu, amejitaja jina na anakoishi kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo si gharama tu kama alivyosema mleta uzi. Kwa wengine ni mtego.

Sheria hiyohiyo inasema anayedanganya kwa makusudi anaweza kulipishwa fidia, ila kumthibitisha ni kazi. Kampuni ya mashine za kupigia kura ya Diebold ilibanwa 2004, ikalipa dola 125,000 kwa kutumia hakimiliki kuficha barua pepe zilizoonyesha kasoro za mashine zake. Halafu kuna yule mama wa Pennsylvania, Stephanie Lenz, aliyeweka video ya sekunde 29 ya mwanawe mdogo akicheza jikoni, huku nyuma wimbo wa mwanamuziki Prince ukisikika kwa mbali. Kampuni ya muziki ya Universal wakataka iondolewe 2007. Hukumu ya rufaa ilitoka 2015, ikisema mdai lazima kwanza afikirie kama matumizi ni ya haki, yaani yanaruhusiwa bila kuomba. Miaka minane, na alikuwa na mawakili wa EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, waliomtetea bure. Hapa kwetu nani ana miaka minane?

MtuWaLikoni:

Ndugu zangu, hapa Kenya marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2019 yaliweka kwamba mtu akipeleka ombi la uongo au la chuki la kuondoa kazi ya mwenzake mtandaoni, hilo ni kosa la jinai. Wenzetu wa bara na visiwani mngelidai na nyinyi. Ila nasema wazi, kosa kuwa kwenye kitabu ni jambo moja, na mwimbaji wa mtaani kupata wa kumfikisha mtu kortini ni jambo lingine. Tena wadai wengi wako nje, utamshika wapi?

Nina swali pia. Ile "hakuna matata" ya Disney nayo ni mambo haya haya?

Fundi_Video:

Asante sana ndugu yangu wa Likoni, hiyo ya 2019 ni silaha nzuri. Ya Disney ni alama ya biashara, si hakimiliki. Waliomba 1994 wakapewa 2003, ni kwa fulana na nguo nchini Marekani, haikuzuii wewe kuongea wala kuimba. Mwaka 2018 watu zaidi ya 50,000 walitia saini kupinga. Hasira yao naielewa, maana ni maneno ya mtaani kwetu, lakini tusiyachanganye, kwa sababu mdai mjanja anapenda sana tukichanganya.

Nikijibu la wapi utamshika: tumshike kwa jukwaa. Jukwaa ndilo lenye pesa mkononi. Anayedai aweke dhamana kidogo, akishindwa iende kwa aliyedaiwa. Aliyeshindwa mara kadhaa afungiwe mlango wa kudai, kama sisi tunavyofungiwa chaneli kwa straiki tatu ndani ya siku 90. Na pingamizi asilisome mdai, alisome mtu mwingine. Hayo hayahitaji teknolojia mpya, yanahitaji jukwaa litake.

Binti_wa_Ngambo:

Kaka, nimekuelewa kuhusu kanda za mama, na umenitia wasiwasi. Ninazo nyumbani, zile za plastiki, nyingine zina mwandiko wake. Nilikuwa nataka kuziweka YouTube kwa jina lake. Nianzie wapi asije mtu akaniwahi?

Fundi_Video:

Dada, kwanza usiziguse YouTube bado. Zipeleke kwa mtu mwenye deki nzuri azihamishe kwenye kompyuta, na umwambie asisafishe wala kukata chochote kwenye nakala ya kwanza. Piga picha kila kanda mbele na nyuma, ule mwandiko uonekane. Kaa na mama, muulize kila wimbo nani alitunga maneno, nani alitunga muziki, nani alipiga fidla na kanuni, ulirekodiwa wapi, na kama alitia saini karatasi yoyote. Mrekodi akijibu. Hili la saini ni muhimu, kwa sababu kama kanda ilirekodiwa na redio au kikundi, huenda rekodi ina mwenyewe mwingine hata kama sauti ni ya mama, na ni heri ujue kabla ya kudaiwa kwa haki.

Ukishapata hayo, nenda COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, hapo Unguja ukaandikishe zile ambazo ni zake. Ndipo uzipandishe, na maelezo yote chini ya video. Ukipata dai na una uhakika, pinga ndani ya siku tano tangu lilipowekwa, maana ukiwahi hapo mapato yanashikiliwa tangu siku ya kwanza mpaka dai liamuliwe. Wengi wanachelewa kwa hofu na fungu la mwanzo linapotea. Onyo la kwenye fomu ni kwa waongo, wewe una kanda mkononi.

Mimi nipo Dar, deki ninayo na kazi hiyo nitaifanya bila malipo. Nitumie ujumbe pembeni.